Daktari anataka kukata kinyama mdomoni, kaka hataki, na wifi kanitengea kikombe

Bi Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 46, naishi Buguruni, kazi yangu ni mpishi wa shughuli. Harusi, hitima, arobaini, nitajie idadi ya watu tu, pilau au biriani itafika na sahani zitarudi tupu. Kazi hii naifanya na wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Yeye ndiye mwenye masufuria makubwa na ndiye anayeongea na wateja, mimi nasimama jikoni.

Tatizo langu liko mdomoni. Lilianza mwaka jana kwa fizi kuwaka moto. Nikipiga mswaki zinatoka damu, na ngozi ya fizi inabanduka vipande vyembamba, naviona kwenye beseni. Ndani ya shavu la kushoto nina vidonda visivyofunga, na pembeni yake kuna michirizi myeupe iliyosukana kama kitambaa cha kroshia. Chai ya moto siwezi, ndimu siwezi, pilipili ndiyo usiseme. Sasa huyo ni mpishi. Mama alinifundisha kuonja supu ya pilau kwa kuidondosha kiganjani na kuilamba, hapo ndipo unajua kama chumvi imekaa na bizari imekubali. Siku hizi nikilamba naruka. Sosi ya biriani na kachumbari anaonja binti yangu.

Zahanati ya kwanza walisema fangasi, wakanipa dawa ya njano ya kudondosha. Kwingine wakasema ni jino, wakaling'oa la nyuma, jino zima kabisa, na fizi zikaendelea vilevile. Vitamini nimemeza mpaka nimechoka. Kisha kijana wa duka la dawa akaniuzia prednisoloni. Bi Mshauri, nilipona! Nilikula hadi achari. Zilipoisha, haikupita muda vidonda vikarudi. Nikanunua tena, yakawa yaleyale, na safari hiyo presha ikapanda, maana mimi ni mtu wa presha na natumia vidonge kila siku.

Mwishowe nikapata rufaa ya kwenda kwa daktari wa kinywa, na huyu alinisikiliza. Akasema inaonekana ni katika yale magonjwa ambayo kinga ya mwili inaishambulia ngozi laini ya mdomo yenyewe, na yako zaidi ya moja. Akaniandikia kwenye karatasi: laikeni planasi, pemfigasi, pemfigoidi. Ili kujua ni lipi, anataka kukata kinyama kidogo shavuni kipelekwe maabara. Nikapewa fomu ya ridhaa nikaijadili nyumbani.

Hapo ndipo palipowaka. Kaka yangu mkubwa anaishi Mbagala. Ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki, na ndiye anayenilipia matibabu kwa kuwa bima sina. Kusikia habari ya kukatwa akasimama wima. Anasema jirani yake alikatwa uvimbe shingoni, haikuchukua muda akazikwa, kwamba vitu hivi vikiguswa na chuma vinaamka. Anataka kwanza nitumie dawa za mtaalamu mmoja wa Mkuranga kwa siku arobaini. Maneno yake ya mwisho: "Ukienda kukatwa, usinipigie simu." Mama naye ananisukutulisha shabu na mafuta ya karafuu, machozi yananitoka.

La pili ni wifi. Siku moja alinikuta natema damu nyuma ya nyumba ya mwenye shughuli. Nikamweleza kwa kifupi kwamba daktari amesema ni mambo ya kinga. Akanyamaza. Tangu siku hiyo kikombe changu cha kazini kimefungwa uzi mwekundu kwenye mkono wake, na kijiko changu kinawekwa peke yake. Najua anachowaza, maana marehemu kaka yake aliugua muda mrefu kabla hajafa na maneno yalikuwepo. Mimi nimepima VVU zaidi ya mara moja, sina, na karatasi ninazo. Nimwonyeshe? Na wateja je? Nimesikia mteja wetu wa Tabata aliuliza, "Yule mama bado anapika mwenyewe?"

Shughuli zimejaa mwezi huu. Nimechoka, hata moshi wa kuni siku hizi unaniuma macho kuliko zamani, nashinda nikiyafikicha. Usiku nawaza kama ni kansa wanangu watabaki na nani. Nikubali kukatwa nigombane na kaka? Na huyu wifi nimfanyeje? Jina langu tafadhali usilitaje.

Mpishi, Buguruni

JIBU

Marahaba, mdogo wangu, na pole sana. Mtu akisikia vidonda vya mdomo anadhani ni mambo ya wiki moja na dawa ya kupaka. Wewe umeshapoteza jino zima, na bado unasimama juu ya sufuria la watu wengine.

Umeniuliza maswali mawili, la kisu na la kikombe. Nikiyasoma pamoja naona yametoka sehemu moja: kila mtu ameshaupa ugonjwa wako jina kabla ya maabara. Kaka kauita kansa. Wifi, kama unamsoma sawasawa, kauita UKIMWI. Na wewe katikati unahangaika kuwajibu wote wawili kwa majina yao, wakati jina lenyewe hulijui bado.

Lakini kabla ya kaka na wifi, nirudi kwenye neno ulilolitupa mwishoni kana kwamba halina uzito: macho. Unalaumu moshi, na huenda ni moshi kweli. Ila kuni umepikia miaka yote, kwa nini uanze kuuma zaidi sasa, wakati huu fizi zinabanduka? Katika yale majina matatu ya daktari, pemfigoidi ya utando laini hupenda fizi, na baada ya mdomo sehemu inayofuata kushambuliwa mara nyingi ni macho. Huanza kwa wekundu na hisia ya mchanga jichoni, kisha huacha makovu kidogo kidogo, na yakiachwa yanaweza kuondoa uwezo wa kuona. Kovu likishaingia halirudi nyuma. Je, ulimwambia daktari habari ya macho? Kwenye barua sioni kama ulimwambia. Mwambie wiki hii, uonwe na wa macho pia. Kwa hilo sitaki usubiri idhini ya Mbagala wala siku arobaini za Mkuranga.

Sasa tuje kwenye kinyama. Mimi si daktari, na mdomo wako ameuona yeye, sikuuona mimi. Ila naona hukuelezwa vya kutosha kwa nini majina matatu yasitibiwe kwa dawa moja tu, yakaisha.

Laikeni planasi ndiyo inayojulikana zaidi kati ya hayo. Chembe nyeupe za kinga zinashambulia tabaka la chini la ngozi ya ndani ya mdomo. Ile michirizi yako myeupe, kama ndiyo yenyewe, inaitwa mistari ya Wickham, kwa jina la daktari Mfaransa aliyeieleza mwaka 1895, kwa hiyo usidhani mdomo wako umekuja na maajabu mapya. Huwapata wanawake zaidi, wengi wakiwa kati ya miaka 30 na 60. Hukaa muda mrefu, hupungua na kuchachamaa, na mara nyingi hutulizwa kwa steroidi (dawa za kutuliza kinga, prednisoloni yako ikiwa mojawapo) za kupaka au kusukutua mahali penyewe bila kumeza. Kuhusu kansa unayoiwaza usiku: laikeni planasi si kansa. Kwa watu wachache, takriban mtu 1 kati ya 100 katika miaka mingi, kidonda cha namna hiyo huweza kugeuka. Ndiyo sababu daktari hutaka kukuona tena na tena hata ukiwa umepata nafuu.

Pemfigasi ni kitu kingine kabisa. Humo kingamwili, yaani silaha ambazo kinga hutengeneza, zinavunja protini zinazoshikanisha chembe za ngozi, malengelenge yanapasuka hata kabla hujayaona, na kwa wagonjwa wengi huanzia mdomoni miezi kadhaa kabla ya kutokea mwilini. Zamani, kabla ya steroidi kuanza kutumika miaka ya 1950, wengi walikufa nayo. Leo inatibika, lakini kwa dawa nzito za kumeza au za mshipa, na kwa usimamizi wa karibu. Pemfigoidi nimeshakueleza. Zote tatu zinaweza kuonekana kama fizi nyekundu zinazobanduka. Umeona ugumu wake? Dawa ya kusukutua inayotosha kwa moja, kwa nyingine ni kupoteza muda. Na dawa nzito zinazookoa kwa nyingine, kwa mtu wa presha mwenye laikeni planasi zinaweza kumletea madhara asiyoyahitaji.

Hata ile nafuu ya prednisoloni ina maelezo. Steroidi hutuliza kinga, kwa hiyo ilitulia ikiwa ni ugonjwa wowote kati ya hayo matatu, na haikukuambia ni upi. Presha kupanda si bahati mbaya, ni kazi yake dawa hiyo, na sukari nayo huweza kupanda. Duka la dawa halikupimi. Na kwa aliyezitumia kwa muda mrefu, kuziacha ghafla nako kuna hatari. Ukikutana na daktari umtajie tarehe ulizozimeza, maana zinaweza hata kufanya kipimo kisisomeke vizuri.

Kinyama chenyewe kinakatwa kwa ganzi, kipande cha milimita chache, kisha nyuzi moja au mbili. Kinauma siku chache. Damu kidogo itatoka, mara chache panaingia uchafu pakavimba. Hatari ambayo watu hawaambiwi ni hii: jibu linaweza kurudi halieleweki ikalazimu kurudia, hasa kikikatwa katikati ya kidonda kilichobanduka. Ndiyo maana wataalamu huchukua pembeni, penye ngozi bado. Wakati mwingine vinahitajika vipande viwili, kwa kuwa kimoja hutazamwa kwa rangi maalumu inayoonyesha kingamwili zilikonasa, na hicho hakiwekwi kwenye ile dawa ya kawaida ya kuhifadhia. Si kila maabara inafanya kipimo hicho. Una haki kabisa ya kuuliza: mtakata wapi, vipande vingapi, vinakwenda wapi, gharama yote ni kiasi gani? Muhimbili, pale Upanga, pana huduma za kinywa na meno na chuo kinachofundisha madaktari wa meno, kwa hiyo maswali haya hayatamshangaza mtu.

Je, kukataa kukatwa ni ujinga? Sisemi hivyo. Daktari anaweza kuanza dawa ya kusukutua kwa kutazama tu, hasa michirizi ikiwa wazi pande zote mbili za mdomo. Wako wanaofanya hivyo. Ila wewe umenitajia shavu moja tu, na fizi, na macho. Ukichagua njia hiyo, muulize daktari: tutajuaje kama tumekosea, na baada ya muda gani?

Kuhusu kaka. Sidhani anakuchukia, wala sidhani ni mshamba. Alimwona jirani akikatwa, akamwona akizikwa, akaunganisha. Swali ambalo labda hajaulizwa ni jirani alikuwa amekaa na ule uvimbe muda gani kabla ya kufika hospitali. Wengi kwetu hufika ugonjwa ukiwa umeshasambaa, kisu kinakuwa cha mwisho kugusa, lawama inabaki kwake. Kukata kinyama kidogo cha kidonda mdomoni hakuugeuzi ugonjwa kuwa kansa. Lakini maneno hayo yakitoka kwako atasikia mdogo wake anabishana naye. Yakitoka kwa daktari, na kaka amekaa kwenye kiti anauliza mwenyewe habari ya chuma, huenda yakaingia. Umewahi kumwomba akusindikize, badala ya kumwomba ruhusa? Mtu aliyekulea anaweza kukataa kupuuzwa huku akakubali kushirikishwa.

Inawezekana pia akakataa. Basi utakuwa na njia ya kwenda kimya kimya, ambayo ina gharama yake: akijua baadaye, na atajua kwa kovu au kwa mama, utakuwa umevunja kitu kikubwa kuliko bili. Utakuwa na njia ya kumwambia wazi kwamba unakwenda bila hela yake. Kwenye hospitali za serikali pana ofisi ya ustawi wa jamii, unaeleza hali yako, unaangaliwa kama unastahili msamaha au nafuu. Si rahisi na foleni ni ndefu, lakini ipo. Na utakuwa na njia ya kumpa hizo siku arobaini. Hiyo ya mwisho usiiamue kabla ya macho kuonwa. Na ukiichagua, ujue kilichomo kwenye chupa, kwa sababu mdomo uliochubuka hauvumilii kila kitu. Shabu inakaza na kuunguza, mafuta ya karafuu ni makali. Mwambie mama, kwa adabu zote, kwamba maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo yanatosha. Atanuna kidogo.

Wifi sasa. Umeniandikia kwamba unajua anachowaza. Una uhakika? Umeuona uzi, hukuandika kama ulimwona anayeufunga, wala kama ulimuuliza. Inawezekana ni hofu ya ugonjwa kama unavyodhani. Inawezekana ameshaulizwa na yule mteja wa Tabata akaogopa biashara, akaona aonyeshe kwamba jikoni kwake vitu vimetengwa. Hayo ni mambo mawili tofauti na majibu yake si sawa. Wewe pia ulimwambia "mambo ya kinga" ukaishia hapo, na mjini hapa mtu akiachiwa neno hilo bila maelezo anakwenda nalo mahali pamoja tu. Magonjwa haya hayaambukizi kwa kikombe, kijiko, mate wala kulala kitanda kimoja. Kinga yako ipo, tena imezidi mipaka, imegeukia kwako mwenyewe. Anaweza kuambiwa hivyo kwa dakika mbili mkimenya vitunguu.

Karatasi za VVU nakuachia wewe, ila zina upande wa pili. Ukimwonyesha, huenda uzi ukafunguliwa kesho. Huenda pia kila ukikohoa ukadaiwa karatasi mpya, na mteja wa Tabata naye akaitaka yake. Na kuna mtu mwingine kwenye timu yenu, mkata vitunguu au mchukuzi wa maji, ambaye pengine anayo VVU kimya kimya na anatazama mnavyoigombania hiyo karatasi. VVU navyo haviambukizi kwa kikombe. Kwa hiyo hata kama ungekuwa navyo, uzi ule usingekuwa na kazi. Ungeweza kumwambia hilo kwanza, halafu uone kama karatasi bado inahitajika. Au ukaona maisha ni mafupi na biashara ni ya watu wawili, ukamwonyesha yakaisha. Na marehemu mume wako, ambaye hayupo kujisemea, mna uhuru wa kumwacha nje ya mazungumzo hayo.

Wateja sioni kama wana deni la ripoti yako ya hospitali. Swali la yule wa Tabata linajibika: ndiyo, bado anapika mwenyewe. Kama wifi ndiye anayeongea nao, atahitaji kuwa na jibu hilo tayari mdomoni, na hiyo nadhani ni sababu kubwa zaidi ya kuzungumza naye kuliko kikombe.

Kuonja ndiko kunakoniuma zaidi kwenye barua yako, maana kwa mpishi huko ndiko kujiamini kulikokaa. Supu iache ipoe kabisa kiganjani kabla hujailamba, na uionje kabla pilipili haijaingia. Binti aendelee na sosi, lakini umfundishe kwa maneno, akuambie anachosikia, wewe uamue. Dawa ya meno jaribu ile isiyotoa povu jingi, povu linachoma ngozi iliyochubuka, na mswaki uwe laini sana. Usiache kusafisha kwa kuogopa damu, uchafu ukiganda kwenye fizi moto unazidi.

Ukienda kliniki, beba karatasi moja yenye dawa zako zote, na vya presha viwemo kwa majina yake, kwa kuwa zipo dawa za presha zinazoweza kuleta vidonda vinavyofanana na laikeni planasi. Usiviache mwenyewe kwa kusoma haya. Fomu ya ridhaa haina haraka ya kusainiwa siku hiyohiyo, unaweza kuirudisha nyumbani mara ya pili. Ukiwa na nafasi niandikie umeambiwa nini kuhusu macho.